Mahali na Mahari

Dada yangu anaishi Uingereza, anatunza wazee katika mji mdogo ambao kwa simu zake nimeujua kuliko ninavyoijua Kisenyi ya hapa Kampala. Ametusimulia daraja lake la mawe, soko la Jumamosi lililoanza kwa ruhusa ya mfalme fulani wa kale, na kanisa ambalo sakafu yake ni makaburi ya matajiri wa sufu, waumini wanayakanyaga wakienda kusali. Mama alishangaa hayo makaburi siku nzima.

Marehemu baba alikuwa askari. Alituleta kutoka Arua, kaskazini mwa Uganda, na Kiswahili cha kambini, Kampala ikakimalizia. Kwetu l na r ni mapacha: ukimwita mmoja, anaitika mwingine.

Mwezi uliopita dada alimpigia mama. "Mama, mimi napata mahari huku. Mahari muzuri." Mtandao ukakatika. Mama akapiga vigelegele mpaka jirani akaja mbio. Kufika alasiri, wanawake wa mlima wetu wa Kibuli walishajua kwamba binti yake, mtu mzima asiyewahi kuolewa, ameposwa na Mzungu. Nilimwomba asubiri kidogo. Akaniambia nina wivu.

Nikampigia dada kumuuliza huyo shemeji ni nani. Alicheka, kisha akanieleza. Hakuna shemeji. Saratani imemwenea, madaktari wamesimamisha dawa, na safari ya ndege haiwezi tena. Alichopata ni mahali. Mji umewakatia Waislamu kona kwenye makaburi yake, chini ya ukuta wa zamani, naye ameahidiwa nafasi. Aliusimulia ukuta huo kama anavyosimulia soko. Nilimkasirikia sana, na hasira hiyo bado ninayo.

Kumwambia mama ilibidi niitamke l vizuri, kama mtangazaji wa redio.

"Si mahari, mama. Ni mahali. Pa kuzikwa."

Hakulia. Aliketi mkekani, akakunja kitenge alichokwisha kukinunua kwa ajili ya harusi, akakiweka kando taratibu.

Hapa mlimani mama ndiye mwosha maiti wa wanawake. Usiku au mvua, akiitwa huenda, na hata mgeni asiye na ndugu humwosha kama aliyemzaa. Sasa alikuwa akiitazama mikono yake.

"Na huko," akaniuliza, "nani ataosha mutoto yangu?"