Sponji Nililolifuata Shimoni Siku ya Sendofu ya Wifi

Naandika hili mwenyewe kwa sababu nimechoka kulisikia likisimuliwa vibaya kuanzia Mikumi hadi Kilosa, eti mke wa Hamisi alichanganyikiwa akaingia kwenye shimo la taka na gauni la satini. Kuingia niliingia, aibu niliipata, sikatai. Kuchanganyikiwa ndiyo sikuchanganyikiwa, na anayetaka kujua nani alinifikisha mle shimoni akae anisikilize.

Mimi nafanya kazi mapokezi kwenye loji moja hapa Mikumi, na pale mapokezi kuna tangi la kioo lenye samaki wa baharini (ndiyo, wa baharini, huku kwetu kwenye tembo), wawili rangi ya chungwa wenye mistari myeupe na mmoja wa njano, pamoja na matumbawe yao. Bosi aliponikabidhi alisema jambo moja tu: "Mama Nasra, siku hawa wakifa, na kazi yako imekufa." Mwaka wa pili sasa nawachanganyia maji na chumvi yao maalumu, napima, nalisha, hajafa hata mmoja. Hilo tangi naliweza, nasema wazi.

Sasa pampu ikaanza kukoroma, ikaletwa mpya kwa basi kutoka Dar, na fundi akanielekeza kwa simu: "Dada, pampu badilisha, ila sponji la zamani la kuchujia maji usilitupe. Lisuuze kwenye maji ya tangi lenyewe, lirudishe." Rahisi. Tatizo kazi hiyo niliifanya Jumamosi asubuhi, siku ambayo wifi yangu, mdogo wake Hamisi, alikuwa anafanyiwa sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, kwenye ukumbi wa loji hiyohiyo, na mama mkwe ameshafika kutoka Kilosa, ameketi mapokezi kama mkaguzi.

Nikatoa sponji. Jamani, la kahawia, linateleza, linanuka kama dagaa walionyeshewa. Mama akajifunika pua na khanga.

"Mwanangu, hilo ndilo unalorudisha ndani? Wakwe wanakuja hapa!"

"Mama, fundi amesema..."

"Fundi ndiye anayeozesha binti?"

Na mimi, na kidato changu cha nne, nikanyamaza. (Mbele ya mama mkwe hata digrii inanyamaza.) Nikalitia sponji kwenye kiroba cha unga, nikalitupa shimo la taka nyuma ya jiko, nikaweka jipya, jeupe pee, lililokuja na pampu, nikavaa satini yangu ya zambarau, mama akatabasamu, nami nikajiona mkwe bora wilaya nzima.

Saa sita na nusu Nasra, binti yangu wa miaka minne, akanivuta gauni. "Mama, samaki wanaimba."

Nikageuka. Wote watatu wako juu kabisa, midomo nje, wanafumba wanafumbua. Wanaimba nini, wanakata roho! Nikampigia fundi. Akauliza kama maji ya juu yanacheza, nikatazama, yametulia kama ya mtungini, maana pampu mpya nilikuwa nimeielekeza chini. "Geuza mdomo wake juu, hewa iingie." Nikageuza, maji yakaanza kuchezacheza, na baada ya muda wakashuka. Nikashusha pumzi.

"Na sponji la zamani liko ndani?"

Nikamwambia nimelitoa.

"Dada, ule utelezi ndio unaokula sumu ya uchafu wao. Bila huo leo watapumua, keshokutwa utawaokota. Liko wapi?"

Liko shimoni, na taka zetu huchomwa saa saba.

Nilikimbia viatu mkononi. Babu Saidi, mlinzi wetu, amesimama ukingoni na kibiriti.

"Babu shikamoo usiwashe!"

"Marahaba mjukuu wangu, upande ule nimeshawasha."

Nikaingia. Nafukua kwa mikono, maganda ya ndizi, manyoya ya kuku, moshi machoni, mara nasikia tarumbeta, kumbe lori limeziba lango la mbele na msafara wa wakwe umepitishwa uani, moja kwa moja kwenye shimo langu. Mshereheshaji ana kipaza sauti ila adabu hana: "Waalikwa, ukumbi uko kulia! Huyu wa kushoto ni ndugu wa bibi harusi, chakula amekianzia huku!" Kicheko, simu zote juu, na mwanangu wa kumzaa akapaza sauti, "Mama anatafuta uchafu wake!"

Nikakipata kiroba. Kimeungua pembe, ndani bado kumeloa. Nikapanda nacho kikinichuruzikia satini, na mama mkwe yuko palepale kando ya wakwe.

"Ndilo lile?"

"Ndilo lile, mama. Na sasa linarudi."

Nikapita katikati ya tarumbeta, nikalisuuza kwenye ndoo ya maji ya tangi, nikaliweka ubavuni mwa lile jeupe. Samaki wapo hadi leo, wote watatu, na kazi ninayo. Ile video yangu nayo ipo, ilifika Kilosa kabla ya mama.

Nimejifunza: kwenye tangi nabadilisha kitu kimoja kimoja, na cha zamani kinakaa na kipya wiki kadhaa, kikifundishe kazi. Na nimeapa sitatupa tena kinachofanya kazi kwa sababu pua ya mgeni imekikataa. Mwezi uliopita mama alikuja tena, akanikuta nasafisha pampu, akafungua mdomo. Nikamwahi. Nikampakatisha ndoo, sponji ndani yake, na utelezi wake wote.

"Shikamoo mama. Nishikie."

Akashika mpaka nikamaliza.