Nilisugua taa za gari siku tatu ili binti yangu akubali kulala kwangu

Wakuu, asalaam aleikum.

Hii ninayoileta si ya kusimuliwa. Gari ipo hapa uani kwangu Wete, na mwenye shaka aje azishike taa kwa mkono wake.

Mimi ni mwalimu mstaafu, wa hesabu, na hakuna mwanafunzi hata mmoja atakayekwambia nilikuwa mpole. Naishi peke yangu. Mke wangu Bi Zuwena, Mungu amrehemu, alifariki mwaka juzi. Mtoto tulijaaliwa mmoja tu, Raya. Kaolewa, yuko Unguja.

Sasa tatizo.

Gari yangu ni ya zamani, na taa zake za mbele zilikuwa zimepiga manjano na kufifia kama macho ya mgonjwa wa ini. Ukiwasha, mwanga unafia palepale kwenye bampa.

Tangu msiba wa mama yake, Raya kaja Pemba mara mbili, na mara zote kafikia kwa wakwe zake Chake. Nikimwambia nakuja kukuchukua uwanja wa ndege ulale kwangu, jibu ni lilelile:

"Baba, ndege yafika jioni. Mie na mtoto, njia yote ile mpaka Wete, na gari yako haioni? Hapana."

Mjukuu wangu ana miaka miwili na hajalala kwangu hata siku moja. Nimemnunulia kitanda kidogo, kipo chumbani na nailoni yake ya dukani. Nasema wazi wakuu, iliniuma sana.

Basi aliposema anakuja tena, nikaapa taa hizi nitazing'arisha mwenyewe. Siku zimebaki nne. Nikaangalia video kwenye simu, nikanunua msasa na polish.

Kazi yenyewe si ngumu, ni ya subira tu. Unaosha taa kwa sabuni. Unabandika tepu ya karatasi pembeni usije ukakwangua rangi ya gari. Halafu msasa wa maji, namba 800, kisha 1000, kisha 2000, na maji hayakauki. Yanatoka meupe kama tui, yana umanjano. Mwanzo taa inazidi kuwa mbaya, usitishike. Mwisho polish na kitambaa cha pamba, unasugua mpaka bega linakusuta.

Jioni taa zilikuwa safi. Nilijiona injinia.

Hapo ndipo Upemba wangu ukaniponza.

Video ilisema ukimaliza upige clear, ile rangi angavu ya kukinga jua, la sivyo manjano yanarudi. Mimi clear sina. Lakini sisi huku mafuta ya karafuu ni dawa ya kila kitu: jino, tumbo, mafua, mgongo. Kabatini kulikuwa na kichupa cha marehemu, kimebaki robo. Nikajisemea, kinachotuliza jino kitashindwa na plastiki?

Nilipofungua kifuniko ile harufu ikanijaa puani. Bi Zuwena alikuwa akijipaka magoti kila baada ya sala ya Isha. Nilizisugua taa zile kwa mafuta muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na sababu haikuwa taa. Kichupa kikaisha.

Asubuhi natoka kuangalia, taa zote mbili zina nyufa ndogondogo na ukungu mweupe. Mbaya kuliko manjano.

Nilikaa pale barazani nikalia. Mtu mzima na mvi zangu. Andikeni mtakavyo.

Nikaenda kwa Hamad, fundi rangi wa magari, niliwahi kumfundisha. Akapitisha kidole kwenye taa, akanusa.

"Mwalimu, umepaka nini hapa?"

"Mafuta ya karafuu."

Akanitazama kwa heshima zote. "Kwani taa yaumwa jino?"

Vijiwe vyote vya karibu vilicheka. Baadaye akanieleza kuwa mafuta yale yanakula plastiki, na inabidi kuanza upya na msasa mkali zaidi, 400, mpaka nyufa ziishe. Hakukubali kunifanyia. Alikaa kwenye kiti akanisimamia siku mbili nzima, na kila nikitaka kuruka namba ananirudisha.

"Hatua hairukwi, Mwalimu. Si weye uliyenifunza?"

Mwisho akanipigia clear, mikono miwili, wa pili juu ya wa kwanza. Wakuu, taa zikawa kama za gari iliyoshushwa jana kutoka melini.

Siku ikafika. Raya katoka uwanjani na mtoto kalala begani. "Shikamoo baba." Kabla sijapokea hata begi, nikamvuta mbele ya gari nikawasha taa. Akatabasamu, akazigusa. Akapanda. Nikajua nimeshinda.

Tulipofika Chake akasema taratibu, "Baba, nishushe kwa wakwe."

Nikapandisha sauti. "Taa si hizo! Sasa sababu gani tena?"

Akamweka mtoto vizuri begani. "Taa hazikuwa sababu, baba. Nyumba ile bila ya mama siiwezi. Nikipiga hodi, nangoja aitike yeye."

Mimi naishi humohumo kila siku, wakuu. Hilo nililiwaza tu, sikulisema.

Nikamshusha. Nikarudi Wete peke yangu, giza la Magharibi linaingia. Nilikuwa naona kila jani la kando ya barabara. Sijawahi kuiona njia ile vizuri hivyo, na sijawahi kuiona ndefu hivyo.

Jana kanipigia. "Baba, Ijumaa n'takuja. Lakini mchana, nishinde tu, jua likiwepo. Kulala tutaona."

Mchana! Siku tatu za msasa, na anakuja saa ambayo taa hazina kazi.

Funzo la gari: msasa usiruke namba, clear usiache, na mafuta ya karafuu yabaki kwenye meno.

Funzo langu mimi: miaka miwili nilikuwa najibu swali ambalo sijaliuliza. Ningemuuliza tu, "Mwanangu, kuna nini?" Pengine naye alikuwa anangoja niulize.

Sasa nisaidieni. Mliofiwa na mama, siku ya kwanza kuingia nyumbani mlitaka baba awaambie nini? Leo Jumatano, nimefikiri tangu alfajiri na sijapata neno. Mwenye nalo aliandike hapo chini.

Nailoni ya kitanda nimeshaitoa. Ijumaa saa tatu asubuhi nakwenda Chake kuwachukua, na taa nitaziwasha juani hivyohivyo. Anayetaka kucheka acheke.