Hatua za Fundi Saa

Fundi alikuwa na kilo mia moja na ishirini, na zote alizikalisha kwenye kigoda kimoja nyuma ya meza ya kioo, asubuhi mpaka jioni. Duka lake la kutengeneza saa lilikuwa jembamba kiasi kwamba akigeuka yeye, mteja naye hana budi kugeuka. Watu walimtania, naye alicheka nao. Lakini tangu siku ile nesi wa kliniki alipompima presha, akatazama namba, kisha akampima tena kama asiyeamini macho yake, kicheko cha Fundi kiliishia mdomoni.

Ilikuwa mia na themanini juu, mia na kumi chini. Nesi alimwongezea dawa na kumwambia atembee nusu saa kila siku. Aanze na dakika chache, aongeze taratibu, kwa mwendo wa mtu anayeweza kuzungumza na mwenzake. Hakumwambia akimbie wala apande mlima. Fundi aliitikia kila neno, na moyoni hakusikia hata moja, kwa sababu alikuwa anamwona kaka yake.

Kaka yake, mnene kama yeye, alianguka kwenye ngazi za ofisini akiwa na faili mkononi, na hakuinuka tena. Kwamba marehemu alikuwa ameacha dawa za presha mwaka mzima, hilo halikumkaa Fundi kichwani. Zilizomkaa ni ngazi.

Siku ya kwanza alijikaza kisabuni akatoka. Alipofika duka la dawa, mita mia mbili tu, moyo ulikuwa unamwenda mbio. Akasimama, akaweka vidole shingoni, akahesabu. Mapigo mia moja na kumi na nane kwa dakika. Mtu mwingine angesema moyo unafanya kazi yake. Huyu alikuwa amefungua saa kwa miaka thelathini, na katika kazi yake saa inayokimbia ni saa mbovu, na hatua ya kwanza ni kuisimamisha. Basi akajisimamisha. Alirudi dukani kijasho chembamba kikimtoka, akaapa hatarudia.

Tatizo ni binti yao, yeye na mkewe. Alifanya kazi mji mwingine, na kwa upendo aliwatumia wazazi saa mbili za kuhesabu hatua, moja ya baba na moja ya Mama, maana Mama naye alikuwa na presha, na kwa unene hakuachwa mbali na mumewe. Hesabu za kila mmoja zilionekana kwenye simu zao wote watatu. Jioni binti alipiga simu kuuliza mbona baba ana hatua mia nne.

Sasa, pale mezani Fundi alikuwa na kimashine cha kutikisia saa. Kuna saa zinazojijaza kwa mwendo wa mkono. Ukishazitengeneza, unazifunga humo zizungushwe kutwa, uone kama zinashika majira. Kesho yake Fundi alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akaifunga saa aliyotumiwa na binti yake katikati ya saa za wateja. Kufikia jioni alikuwa ametembea hatua elfu nane bila kuinuka kigodani.

Binti alifurahi, akapiga simu kumpongeza. Fundi aliona aibu, lakini aibu haikuzidi hofu, na hofu ndiyo iliyomwamulia. Kila asubuhi akaendelea kuifunga saa kwenye kimashine, na kila jioni akaivaa kwenda nyumbani.

Hakumhesabu Mama. Mama alikuwa akitembea kweli, kwa miguu yake, hatua elfu tatu na vifundo vya miguu vikimvimba. Alipoona mumewe ana elfu nane, alikaza kamba za viatu. Akaongeza zikawa elfu tano. Wiki iliyofuata zikawa elfu saba, na akawa analala na miguu juu ya mito miwili. Fundi alimsihi apunguze, kwamba nesi alisema taratibu. Mama akamjibu kwamba ni rahisi kwa aliye mbele kumwambia wa nyuma apunguze. Fundi alimeza mate, na ukweli akaumeza nao.

Jumamosi moja wateja walifurika, na kimashine kiliachwa kwenye kasi ya juu tangu alfajiri. Saa saba mchana simu ililia. Ilikuwa ni Mama, na nyuma yake kulikuwa na kelele za magari.

"Nimeona kumi na nne elfu," alisema akihema. "Leo sirudi mpaka nikufikie."

"Uko wapi? Mama, kaa chini hapo hapo ulipo."

"Kichwa kinanigonga kidogo tu. Kitaacha."

Simu ikakatika. Alipopiga tena, iliita mpaka ikachoka. Fundi aliinuka kigodani bila kutafuta kufuli. Akaliacha duka wazi.

Alijua njia anayopita Mama: barabara ya tangi la maji, mlima mtupu, bila kivuli. Alilipita duka la dawa. Moyo ulianza, tena kwa fujo, ukapanda mpaka masikioni, naye aliogopa kama hajawahi kuogopa. Kila hatua aliona ndiyo ya mwisho. Mara mbili alisimama kushika ukuta wa mtu, na mara mbili akaendelea, kwa sababu kule mbele kulikuwa na hofu kubwa kuliko hii.

Alimkuta ameketi ukingoni mwa barabara, mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, kiatu kimoja kimevuliwa. Mwenye duka alikuwa anampepea kwa kipande cha boksi, akasema ameshaita gari. Uso wa Mama ulikuwa wa rangi ya majivu. Fundi alijibwaga pembeni yake akihema.

Alipopata pumzi alimwambia yote, kimashine na saa na elfu nane za kila siku, huku ameinamisha kichwa. Alisubiri matusi. Alisubiri hata kofi, na angelipokea kwa shukrani.

Mama alitazama barabara mpaka gari la kliniki likaonekana linapanda.

"Kwa hiyo hujatembea hata siku moja."

"Hata moja."

"Na presha yako?"

"Ipo vile vile. Pengine imezidi."

Mama aliutazama mkono wake mwenyewe wa kulia, akajaribu kukunja vidole. Viwili vilikunjwa na vitatu vikabaki vimenyooka. Fundi aliviona.

"Mimi sikuwa nashindana na wewe," Mama alisema, na maneno yalitoka taratibu, mazito kidogo upande mmoja. "Nilikuwa natembea ili mtoto wetu abaki na wawili, na nalala nikijua atabaki angalau na mmoja."