Mpishi wa Pambizoni

Nilikuwa na digrii ya historia na kazi ya kutunza wazee. Mama, ambaye ni nesi katika hospitali moja huko Maplewood, Minnesota, alipenda kusema kwamba nimesoma miaka minne ili nije kumkorogea uji mzungu aliyesoma arobaini. Mzungu mwenyewe alikuwa profesa mstaafu, Mjerumani, mtaalamu wa Zama za Kati, aliyeishi peke yake Eden Prairie tangu mkewe afariki. Kila asubuhi niliendesha gari hadi kwake, nikamwogesha, nikampa dawa, kisha tukabishana.

Nilimuuliza kila kitu, naye alipenda kuulizwa. Aliniambia kwao shahada ya udaktari haitoshi: unaandika kitabu cha pili, kikubwa kuliko cha kwanza, unakitetea mbele ya kitivo kizima, ndipo unaweza kutafuta uprofesa. Na anayekusimamia huitwa baba. Nikamwambia huo ni ukoo, si chuo. Alicheka mpaka nikamshika bega asianguke.

Kitabu chake cha pili kilihusu daftari la wafu la monasteri moja. Watawa waliandika humo kila aliyekufa, na siku yake ilipofika kila mwaka, jina lake lilisomwa kwa sauti ili aombewe. Asiyesomwa hakuombewa. Profesa aliona jina moja limeandikwa kwenye siku mbili tofauti, akatoa hoja kwamba ni mtu mmoja, shemasi, aliyerudiwa na mwandishi kwa makosa. Juu ya hoja hiyo alijenga tarehe za daftari zima. Ndiyo iliyompa cheo, wanafunzi, na hatimaye kazi huku Minnesota.

Siku moja ya Januari, nikimpaka miguu mafuta, aliniambia hoja ile si kweli.

Alikuwa amefanya kazi kwa kutumia picha, na mpiga picha alikuwa amekata pambizo za kurasa. Miezi miwili baada ya kufaulu, alisafiri kwenda kuliona daftari lenyewe, la kurasa za ngozi, kwa furaha tu. Kando ya jina la pili, kwa wino hafifu, paliandikwa neno moja: mpishi. Walikuwa watu wawili. Akafunga daftari, akamshukuru mtunza maktaba, akapanda treni.

Nilimwambia mimi nimepewa jina la babu, na bibi akinipigia simu kutoka Kisii huniita mume wangu. Kwetu watu wawili wenye jina moja si makosa ya mwandishi. Akajibu kwamba hata kwao ilikuwa hivyo, na kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alilijua hilo.

Ndipo nikaelewa kwa nini hakukubali kula jikoni. Alisema kuna mtu mle. Haongei, hana hasira, anangoja tu kutajwa. Mimi siamini mizimu. Nilikagua jiko nikapata sababu zangu: friji kuukuu inayonguruma, dirisha lisiloziba vizuri. Hata hivyo nilianza kuosha vyombo mlango ukiwa wazi.

Mwanafunzi wake wa zamani, sasa profesa Ujerumani, alikuwa anatayarisha chapa mpya ya daftari lile, na lingeingia mtamboni majira ya kuchipua. Kama mzee asingesema, mpishi angefutwa tena. Alinisomea neno kwa neno barua ya kukiri kosa lake kwa mwanafunzi huyo, nikaipiga chapa, nikaiweka mbele yake na kalamu. Akaisoma, akasema kesho. Wiki iliyofuata, kesho tena.

Mama alinionya. "Wewe na maswali yako. Mgonjwa si mtahiniwa, mwache apumue."

Sikumwacha. Mara ya tatu nilimsimamia mbele ya kiti chake.

"Unaogopa nini, Profesa? Si unakufa?"

"Ndiyo sababu," akasema. "Hiyo barua itabaki, mimi sitakuwepo kuieleza. Usiitume bila sahihi yangu."

Nimonia ilimchukua hospitalini Jumanne, kabla ya saa sita mchana. Nilikuwa barabarani, nikienda kumwona.

Barua sikuituma. Nilimwandikia yule mwanafunzi yangu mwenyewe, mistari michache: aende akaangalie pambizo, kando ya jina la pili. Alijibu siku hiyohiyo. Alikuwa ameliona neno lile tangu akiandika tasnifu yake, zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Alikuwa anamsubiri mzee. Huwezi kumsahihisha baba yako akiwa hai, aliandika, nami nikakumbuka nilivyomtania mzee kuhusu ukoo. Sasa atamrudisha mpishi kwenye siku yake. Ila aliomba kitu kimoja. Alisikia kutoka kwa binti wa marehemu, aliyeambiwa na baba yake kwa simu, kwamba kuna barua. Nimpelekee, aandike kwenye dibaji kwamba profesa mwenyewe, kabla ya kufa, ndiye aliyesahihisha.

Nilikaa nayo siku tisa. Dibaji hiyo ingekuwa heshima kwa mzee, na isingekuwa kweli. Alikuwa ameniambia nisiitume, na mimi ndiye niliyemsimamia mbele ya kiti chake nikidai ukweli kama vile nina haki nao.

Mwishowe niliituma. Chini, pale palipobaki wazi, niliandika kwa mkono wangu: "Aliisoma. Nilimwomba atie sahihi mara tatu. Hakutia."