Kamera Mbili kwa Uso Mmoja

Nianze kwa kukiri, maana mnaonijua mtaniona nazunguka tu: mpiga picha wa ule msiba wa Cimpunda ni mimi. Kama mlisikia habari hii kwa mtu mwingine basi alivyowaambia ni kweli, na pengine alinihurumia akapunguza. Mpaka leo nikiwa na kazi upande ule napitia njia ya juu, ndefu na yenye matope, ili nisikutane na mtu wa ile familia (na hao watu hawajawahi kunitukana hata siku moja, jambo ambalo ni baya zaidi).

Mimi nakaa Nguba na kazi yangu ni picha: wachumba wanaokuja kusimama kando ya ziwa Jumapili, ubatizo, komunyo ya kwanza, harusi, vilio, yaani misiba. Kwa miaka mingi nilitumia kamera moja ndogo ya kuingia mfukoni, imekwaruzika kila upande, na kapteri yake, yaani ile sahani ya ndani inayopokea mwangaza, ni ndogo kama ukucha wa mtoto. Ndani ya nyumba yenye giza picha zake zinajaa chengachenga, na ukiwasha flashi watu wanang'aa mapaji kama wamepakwa mawese. Lakini ilikuwa na wema mmoja ambao sikuwahi kuushukuru: kila kitu kinatoka wazi, kuanzia kifungo cha shati mpaka mlima wa nyuma.

Halafu shemeji yangu wa Minova akaniletea nyingine. Umbo lile lile, mfuko ule ule, ila kapteri yake ni kubwa mara nne hivi, na jamani, ile kamera ilikuwa inakunywa mwangaza! Chumba chenye dirisha moja kinatoka safi bila flashi, na vitu vya nyuma vinayeyuka taratibu, kama picha za kwenye kalenda. Nikawa sinyamazi. Kila aliyenisalimia nilimweleza habari za kapteri, hata mama anayeniuzia sambaza, vile visamaki vya ziwani, alizijua.

Aliyenichoka zaidi ni Deo, mwenzangu wa kazi, ambaye hadi leo anatumia kamera kama ile yangu ya zamani.

"Ile kidogo iko naona vyote," aliniambia. "Ile yako ya mupya iko nachagula. Siku moja itachagula mubaya."

Tulibishana wiki mbili nzima, watu wazima wenye watoto, na mwisho tukakubaliana nipige kitu kimoja, mahali pamoja, ndani ya nyumba yenye giza, kwa kamera zote mbili, tuone. Hapo hakukuwa na kosa. Kosa ni kitu nilichokwenda kukichagua.

Wiki ile ile akafariki Papa Birindwa wa Cimpunda, seremala, mtu mpole, rafiki wa marehemu baba yangu. Mwaka uliopita moto uliteketeza nyumba kumi na kitu katika mtaa wao (mnajua mbao zile zinavyopokezana moto), na yake ilikuwa mojawapo, wakatoka na nguo za mwilini tu. Binti yake mkubwa, Faida, yuko Lubumbashi. Ndege hakuna, barabara ndizo hizo mnazozijua, na maziko hayangoji. Akanipigia simu asubuhi ya maziko, akaniita yaya, kaka mkubwa, kama kawaida yake.

"Yaya Patrice, picha zetu zote ziliunguaka na nyumba. Sina sura ya papa hata moja. Mbele ya kufunga sanduku, unipigie ata moja tu. Moja, lakini ya kuonekana muzuri."

"Faida, usiogope," nikamwambia. "Niko na apareyi ya picha ya mupya."

Ndivyo nilivyomjibu mtu aliyefiwa na baba yake.

Nikaondoka na kamera zote mbili mfukoni na kadi moja ya kuwekea picha, kwa sababu kadi nyingine ilikuwa imejaa harusi ambayo sijaikabidhi, na nikajisemea kadi moja inatosha, nitaihamisha tu kutoka kamera hii hadi ile, tena ndiyo vizuri, picha zitakaa pamoja na Deo atalinganisha bila kisingizio. Mnaona? Nilikuwa nateremka zile ngazi za udongo za Cimpunda chini ya mvua, naenda kwenye kilio, na ninayemfikiria ni Deo.

Sebule ilikuwa ndogo, imefunikwa mashuka meupe ukutani, dirisha moja, wamama wamekaa chini kwenye mikeka wanaimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini, mvua inapiga manjanja, yale mabati ya paa, juu. Jeneza lilikuwa katikati. Mjane, Maman Faida, alikuwa amepiga magoti kichwani pa mumewe, mkono wake kwenye shavu lake. Tonton Zihindula, mdogo wa marehemu na msemaji wa familia, alikuwa ameshika kifuniko, na alipoona vijana wawili wanatoa simu akawakaripia.

"Telefone zote mu mufuko! Mutu wetu hatatembea mu matelefone ya batu. Fotografe ni mumoja tu, ni huyu."

Vile ndivyo familia nyingi zinavyotaka, na zina haki. Lakini mimi nilifurahi kwa sababu yangu: flashi za simu zisingeniharibia jaribio langu. Nikaongeza hata neno, "Njo ivyo Tonton, bazime kabisa," na watu wakatii.

Nikapiga kwanza kwa kamera ya zamani, flashi, mara tatu. Nikatazama. Uso upo, ndevu zipo, mabaka ya mwangaza kwenye paji, lakini ni Papa Birindwa, mtu yeyote angemtambua. Ningeirudisha kamera mfukoni wakati ule, leo nisingekuwa na hadithi. Badala yake nikainua mkono kama kasisi na kusema, "Mungoje kwanza, bado ingine," nikachomoa kadi, nikaisukuma kwenye kamera mpya, nayo ikaniandikia kwa Kifaransa kizuri, ambacho nilikisoma shuleni miaka kumi na miwili, kwamba kadi hii haijatayarishwa, je, itayarishwe? Tonton anapumua kwa nguvu, kifuniko kinamlemea, nikasema moyoni tayarisha baba, watu wanangoja, nikabonyeza ndiyo.

Halafu nikainama. Mwangaza wa dirisha ulikuwa unaingia upande wa Maman Faida, na mkono wake ulikuwa unatia kivuli.

"Maman, toa kwanza mukono," nikamwambia. "Uko nanifunikia mwangaza."

Akautoa. Aliutoa polepole, akauweka mapajani, akautazama kama si wake. Niliona, na bado nikaendelea, nikasogea karibu sana, nikapiga moja bila flashi, nikatazama kioo cha nyuma, na kilichoonekana pale kilikuwa kizuri ajabu, rangi laini, giza safi bila hata chenga moja, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe: "Eeh! Hii imekula ile ingine!"

Kwa sauti. Kwa furaha. Wimbo ukakatika, hata wamama wa nyuma waliokuwa wamefumba macho wakayafumbua. Mmoja akasonya, na mwingine akasema, "Huyu mutoto iko mu sherehe ya nani?" Nikarudi nyuma nikimkanyaga mtu. Tonton alifunika jeneza, haraka, kwa hasira, misumari ikaanza kuingia, na mkono wa Maman Faida ulikuwa bado mapajani.

Aibu hiyo peke yake ingetosha mtu kuhama mji. Lakini ilikuwa bado.

Tuliporudi kutoka makaburini watu walinawa mikono wakakaa uani chini ya hema, na Deo, aliyekuwa amefika kwenye maziko, akanijia kimya kimya akaniuliza zimetoka vipi. Nikafungua ili nimwonyeshe zile tatu za kwanza. Hazipo. Nikatafuta nyuma, mbele, nikahamisha kadi kwenye kamera ya zamani, ikaniambia hakuna picha. Ile "tayarisha" maana yake ilikuwa "futa". Ikabaki ile moja nzuri, nikaikuza ili angalau nijitulize, na ndipo nikaona kamera ilichochagua. Kifuani pa marehemu walikuwa wameweka maua meupe, yako juu kidogo kuliko uso, karibu zaidi nami, na kamera ilikuwa imeyashika hayo, petali moja moja, hadi tone la maji. Nyuma yake uso ulikuwa ukungu. Pua hujui, macho hujui, mtu yeyote mwenye ndevu angeweza kuwa yule.

Deo akaichukua, akatazama. Nilingoja anicheke, ningeshukuru angenicheka. Akanirudishia kamera kwa mikono miwili na kusema, "Uwaambie sasa hivi."

Sikuwaambia. Kabla sijasimama Tonton Zihindula alikuja na simu yake ameiinua juu, sauti imefunguliwa kabisa ili wote wasikie, Faida yuko hewani kutoka Lubumbashi, na watu wakasogea, na Maman Faida akasaidiwa kuinuka, akaja.

"Fotografe, tuma ile sura," Tonton akaniambia, "mutoto iko nangoya."

Na mimi, badala ya kusema ukweli, nikaihamishia kwenye simu yangu, nikatuma. Nilijidanganya kwamba kwenye simu ndogo ukungu hautaonekana, kwamba machozi yatamsaidia asione vizuri (ndiyo, hata hilo nililiwaza). Tukangoja. Mvua ilikuwa imekatika.

"Yaya, asante," akasema Faida. "Nimepata ya maua, ni muzuri sana. Sasa tuma ya papa."

Watu wote wakanigeukia.

"Faida... ni ile. Iko moja tu."

Hakulia. Laiti angelia. Tonton akatazama kioo akidhani simu imekatika. Kisha Maman Faida akanyoosha mkono, akaichukua ile simu, akaketi nayo kwenye kiti cha plastiki na kuanza kumwelezea binti yake, polepole, kama anayesoma barua: alikuwa ametulia, walimukata ndevu muzuri, alikuwa amevaa ile kositimu ya kijivu, kinywa kilikuwa kimefungwa sawa na mutu mwenye kutaka kucheka. Faida alikuwa anauliza, "Na macho, maman? Na ule upara?" na mama anajibu, akikosa neno anasaidiwa na mtu wa karibu, na mimi nimesimama pale na kamera mbili, sina hata picha moja ya kuongeza.

Siku hizi nikienda kwenye kilio nabeba moja, ile ya zamani, napiga kwa flashi, nafumba mdomo, natoka, na kabla ya kupiga nahakikisha walio karibu wamemaliza kumgusa mtu wao. Anayeniuliza ipi ni bora, ya kapteri kubwa au ya kapteri ndogo, namtuma kwa Deo. Ile mpya iko kabatini, sijamwambia shemeji.

Miezi miwili baadaye Faida aliniandikia mara moja, akauliza kama kuna mashine huko mjini inayoweza kuondoa ule ukungu. Nikamjibu hakuna. Akaandika "sawa yaya", basi. Kesho yake nilipofungua simu nikaona amebadilisha picha inayokaa kando ya jina lake, ameweka ile ile, maua meupe mbele na ukungu nyuma, na chini ameandika: Papa.