Askari Aliyeinua Mkono

Sanamu isiyokunja goti siiamini. Mfanyabiashara Mkenya anayeniletea mzigo ananijua: kabla sijatoa pesa, nainua mkono wa sanamu, nauachia, nautazama. Ukishuka wenyewe, basi kiungo kimelegea au ni bidhaa feki, na hapo hata aape vipi simsikilizi.

"Bosi, wewe unashuku hata mama yako," huniambia. Ananitania, lakini hajakosea.

Watu huuliza mtu mzima anataka nini na vitu hivi vya kuchezea watoto. Nataka viungo. Sanamu iliyokakamaa ina jambo moja tu la kusema, nayo hulisema mpaka unaichoka. Yenye bega, kiwiko na kiuno kinachogeuka inaweza kuchoka, kusikiliza, kujiandaa kukimbia. Unaipanga jioni, unaenda zako, na kiungo kizuri kinakutunzia ulichokiacha.

Ndiyo maana nilijua upesi kwamba kuna mtu anamgusa askari wangu.

Askari huyo husimama kwenye rafu ya sebuleni, kwetu mtaani Mbuya. Nilimwacha mikono chini. Asubuhi nikakuta wa kulia umeinuka kidogo. Kesho yake, juu zaidi. Nyumbani tuko wawili tu, mimi na baba yangu, mwanajeshi mstaafu aliyepata kiharusi mwaka jana. Mkono wake wa kulia uligoma. Hospitalini walimwambia asipoufanyisha mazoezi kila siku, utakakamaa moja kwa moja. Mzee aliapa kwamba anafanya, chumbani, peke yake. Sikumwamini hata kidogo.

"Mzee, umefanya mazoezi?"

"Nimefanya."

"Basi nionyeshe."

"Wewe sasa iko polisi? Toka hapa, enda kazi!" alifoka kwa Kiswahili chake cha jeshini.

Nilikasirika. Mazoezi hataki, ila kuchezea vitu vyangu nguvu anazo! Nikaanza kumvizia. Siku moja alisahau kufunga mlango, nikamwona ameketi kitandani, jasho linamtoka, anauinua mkono ule huku ameuma meno. Ulikwama usawa wa kifua. Akajikokota hadi sebuleni, na kwa mkono wa kushoto akainua ule wa askari mpaka usawa huohuo. Alikuwa anaweka alama ya pale alipofika.

Nikaondoka kabla hajaniona. Kila nilipoamka nilikimbilia rafuni: kifua, kidevu, shavu. Mtu aliyelelewa na mwanajeshi haambiwi mkono huo unaelekea wapi. Ulitaka kufika kwenye paji la uso, upige saluti. Nilifurahi mno, ingawa nilimshuku bado, nikidhani huenda anajipendelea kidogo.

Juma lililopita nikakuta mkono wa askari umelala ubavuni, chini kabisa. Nilimlaani yule Mkenya kwa sauti. Kaniuzia takataka! Nikaushika mkono, nikauinua, nikauachia. Ukakaa. Nikamtikisa askari mzima, nikamgeuza kichwa chini miguu juu. Ukakaa palepale nilipouweka.

Kiungo hakikuwa na tatizo lolote. Mkono ule ulikuwa umeshushwa, na yule yule aliyeweka alama zote.

Nikaenda kubisha mlango wa mzee.

"Mzee, mkono umeamkaje leo?"

"Iko sawa," akasema, bila kufungua.

Nikabaki nimesimama pale nje. Sikumbuki siku nyingine niliyotamani hivyo kumwamini mtu.