Mpira Nilioutupa Ruring'u

Naomba msamaha kwanza kwa hati yangu mbaya na maneno nitakayokosea kuendeleza. Niliishia darasa la nane, na kusema mbele ya watu kunanishinda. Nakuandikia wewe, mdogo wangu, unayevaa jezi ya chuo chetu cha ufundi msimu huu, kwa sababu nimesikia mmepangwa tena na kile chuo kikuu.

Nakumbuka siku tuliyokutana nao katika uwanja wa Ruring'u, mshindi akawakilishe kaunti yetu. Sisi tulikuwa waashi na maseremala kutoka Tetu. Wao walileta mabasi mawili ya mashabiki, na hatukuwa tumewashinda hata mara moja.

"Nyinyi wa mwiko!" walitupigia kelele. "Mmekuja kucheza ama kupiga plasta?"

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na miguu yetu ilikuwa mizito kweli. Lakini kipindi cha pili Maina, mshambuliaji wetu, akapiga kichwa, wavu ukatikisika. Kelele zao zikakatika.

Wakatujia kama siafu. Mpira uligonga mwamba wetu mara mbili. Ndung'u, kipa wetu, alikuwa anatoka damu kwenye kiwiko. Zikiwa zimebaki dakika chache, mpira ukanifikia mimi beki, na hakuna aliyekuwa karibu nami.

"Leta! Niko hapa!" Maina aliita, akiwa wazi kabisa.

Sasa sikiliza kosa langu. Uwanja wa kwetu unapakana na shamba la majani chai, na tulikuwa na mpira mmoja tu. Tukiongoza, tulikuwa tukiupiga chini kwenye chai, watu wanaingia kuutafuta, saa inaenda. Mguu wangu ulizoea hivyo. Nikaupiga nje kwa nguvu zangu zote, kisha nikainama nifunge kamba za viatu.

Kumbe wapinzani wetu walikuwa wamepanga mipira kando ya uwanja mzima. Kabla sijainuka, mwingine ulikuwa umesharushwa.

"Nyuma yako, wewe!" Ndung'u alipiga ukelele.

Bao. Tukavunjika moyo, na kabla ya filimbi wakaongeza la pili.

Fundi Gichuki, mzee aliyetufundisha uashi na ndiye aliyekuwa kocha, hakunifokea. Alingoja wenzangu waondoke.

"Mwanangu, nani alikunyang'anya ule mpira?"

"Hakuna, Fundi."

"Sasa ulikuwa unaogopa nani?"

Nikainama tena kwenye kamba za viatu.

"Uliacha kucheza, ukaanza kuchunga saa," akasema. "Wewe huwa unaacha ukuta ukibaki mstari mmoja?"

Maneno hayo yaliniuma kuliko matusi ya mashabiki.

Kwa hiyo, mdogo wangu, mchovya asali hachovyi mara moja. Ukimfunga mkubwa, tafuta la pili. Ujanja wa nyumbani haufanyi kazi katika kila uwanja, kwa hivyo fika mapema, uzunguke, uone wenyeji wako na nini. Mwenzako akikuita naye yuko wazi, mpe. Usimrudishie mkubwa kitu ambacho yeye mwenyewe ameshindwa kukunyang'anya.

Mungu akupe pumzi ya dakika zote tisini, akulinde magoti, akutoe hofu ya majina makubwa. Mechi ikiisha niandikie, hata mistari miwili, hata kama mmefungwa. Nataka kujua kama mlicheza mpaka filimbi.